Upindo wa Kuhama

Jumanne, 17 Februari 2004

Adélaïde ameniletea hii ajenda, daftari la tarehe, zawadi ambayo mumewe alipewa na benki, akasema kuanzia leo yote ninayoyafikiri juu ya wateja niyaandike humu na niyaache humu humu. Anasema mdomo wangu unafukuza watu. Ni kwa sababu ya yule mke wa daktari aliyetaka sebuleni kwake viti vya bluu, zulia jekundu na mapazia ya kijani, nikamuuliza kama anapamba saloni au anapamba uwanja wa mpira. Ameondoka na daktari wake na viti vyake. Sijutii hata kidogo. Lakini Adélaïde ndiye anayetuletea wateja, maana alisoma nao wote na anajua kuwachekea, kwa hiyo ajenda nimeipokea.

Mimi ni Kudra. Napamba nyumba za watu. Chumba cha kazi kiko Buyenzi, mbele ya nyumba aliyotuachia mama, mimi na mdogo wangu Twalibu. Twalibu anashona. Mimi nachagua, napima, nakata, na kunyamaza, kama Adélaïde atapata anachokitaka. Kwenye chumba cha nyuma, alimokuwa akilala mama, nimeweka masanduku yangu, na hakuna anayeingia.

Mvua tangu asubuhi.

Ijumaa, 20 Februari

Leo niandike habari ya upindo, maana ndiyo inayonifanya niwadharau watu wa mji huu kuliko hata rangi zao.

Tangu vita vianze, hakuna mteja aliyeagiza pazia bila kuniambia nimwachie upindo mrefu. Pazia lenyewe linaishia pale dirisha linapoishia, lakini chini limekunjwa kwa ndani, shibiri nzima na zaidi, ili siku wakikimbilia nyumba nyingine yenye madirisha makubwa, waufumue na walishushe. Sisi hapa tunauita upindo wa kuhama. Na si mapazia tu. Kabati lifunguke kwa bisibisi. Zulia likunjike. Kioo kitundikwe kwa msumari mmoja. Wote wanataka saloni ya kifalme inayoingia kwenye pikapu moja. Wanakaa kwenye viti vya ngozi huku mguu mmoja uko barabarani, halafu wananiuliza kwa nini nyumba zao hazina utulivu.

Adélaïde ameanza tena habari ya Rohero. Anataka tufungue duka mjini, lenye vitrini ya kioo mbele, wanawake wakitoka benki watuone. Anasema chumba cha Buyenzi ni kidogo na wateja wake wanaona aibu kuegesha magari kati ya magereji. Nimemjibu kwamba siku mtu mmoja wa mji huu atakaponiambia nikate upindo, siku hiyo nitafungua Rohero. Nilisema kwa mzaha. Yeye hakucheka.

Jumanne, 24 Februari

Mito miwili ya viti. Mteja alitaka yenye picha ya simba.

Jumanne, 2 Machi

Mwalimu Télesphore ameshuka kutoka mtaa wa Kinanira, mlimani, kwa miguu, mwamvuli umevunjika mbavu, amekumbatia pazia lililolowa. Ni mstaafu, alifundisha jiografia, mkewe alikwisha kufa. Mwaka jana, Julai, waasi walipoingia mitaa ya kusini, bomu lilitoboa ukuta wa saloni yake upande wa bondeni. Majirani wake walihama. Yeye alikuja hapa kuagiza pazia la kufunikia tundu. Si dirisha, ni tundu. Nilimshonea la blanketi, zito, na upindo mrefu kama wa wenzake, nikijua baada ya wiki mbili atalibeba kwenda kwa binti yake, mkoani Ngozi. Hakwenda. Sasa mvua inapiga upande ule ule na pazia limeoza.

Nikamuuliza kwa nini asimwite mwashi azibe.

"Bado, mama," akasema. "Kwanza naangalia."

Anaangalia nini, Mungu ndiye ajuaye. Mtu amesoma, amefundisha watoto wa watu mito yote ya dunia, anakaa na tundu ukutani analiangalia. Nimemkatia blanketi jingine. Twalibu alishona taratibu makusudi, apate kuzungumza naye. Twalibu anawapenda watu wa namna hii.

Ijumaa, 12 Machi

Nimerudi kutoka Kigobe, mtaa wa wakubwa, na naandika kabla hata ya kuvua viatu.

Kuna Amandine. Mumewe ana kiti kizito serikalini, na yeye mwenyewe anapenda dhahabu kupita kiasi: viatu vya dhahabu, mkoba wa dhahabu, hata kasha la simu. Mwaka jana nilimwambia dhahabu saloni ni ya wale wasiokuwa nayo kwingine. Aliondoka bila kuaga. Leo ameniita, nami nikaenda nimejiandaa kuumwa na macho.

Akanizungusha nyumba nzima. Anataka plafo, dari ya plasta, yenye urembo pembeni. Makabati yajengewe ndani ya ukuta. Kitambaa kigandishwe kwenye korido kwa gundi. Vyote hivyo havitoki bila nyundo. Na rangi? "Crème, mama. Yote crème." Weupe wa maziwa tu, hakuna uzi mmoja wa dhahabu. Nilisimama pale najisifu kimoyomoyo: huyu mwanamke amefundishika, na mwalimu ni mimi.

Tulipofika kwenye madirisha nikamwambia, kwa mazoea, kwamba rido zake, kama wanavyoyaita mapazia, nitaziachia upindo.

"Apana, kata," akasema. "Hii rido haitatoka hapa."

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Kwenye teksi nilihesabu kuwa katika miaka hii yote sijasikia neno hilo. Redio inasema mapatano, magazeti yanasema mapatano, sikuwahi kuyaamini. Lakini mke wa mkubwa wa Kigobe akikata upindo, huyo anajua kitu. Wale ndio wanaokaa mezani wanapogawana nchi. Nimemwambia Twalibu. Akaweka mkasi juu ya kitambaa, akaniangalia.

"Una hakika, dada? Hii ikikatwa hairudi."

Nikauchukua mkasi nikakata mwenyewe.

Jumatatu, 15 Machi

Adélaïde amenikumbusha neno langu. Alijua habari kabla sijamweleza, sijui nani humpelekea.

Tumekwenda Rohero kuona chumba cha Gaspard. Gaspard ni mwenye nyumba aliyenenepa bila kufanya kazi yoyote, ana kijiti mdomoni, anaongea na Adélaïde kwa Kifaransa na mimi ananionyesha kwa kidole. Chumba kina kioo kutoka juu mpaka chini. Nilijiona ndani yake, mwanamke wa Buyenzi na kilemba, nikapenda nilivyoonekana. Naandika ukweli.

Gaspard anataka dhamana, na dhamana haipo ila kwa njia moja. Khadidja, anayeuza mchele mtaani kwetu, amekitamani chumba chetu cha kazi kwa miaka ili aweke magunia. Nikimpangisha, Rohero inawezekana. Nisipompangisha, haiwezekani. Adélaïde anasema jambo hili halihitaji hata kufikiri. Kwake ni kweli, maana chumba si cha mama yake.

Jumatatu, 22 Machi

Nimemwambia Twalibu. Alimaliza kwanza mshono uliokuwa kwenye mashine, akakata uzi.

"Mi siendi Rohero, dada."

Nikamuuliza kama anaogopa kukaa nyuma ya kioo.

"Siogopi. Zile siku za ville morte, mji wote umefungwa, Rohero nani alifungua? Mutu hakupita. Huku watu wa pande zote walikuya, mlango ulikuwa wazi, tulishona. Ukimpa Khadidja chumba, mi nitaweka mashine kwenye baraza. Lakini siendi."

Ndiyo Twalibu. Mwanamume mwenye mikono ya thamani kuliko mtu yeyote katika kazi hii, na ndoto zake zinaishia barazani. Nimemwambia nitapata fundi mwingine. Akasema ni vizuri, akapachika uzi mpya. Usiku chakula kimepoa mezani.

Alhamisi, 1 Aprili

Mvua. Kigobe. Plasta haikauki.

Jumanne, 6 Aprili

Amandine ameleta jambo jipya. Anataka kila chumba cha kulala kiwe na kufuli lake na ufunguo wake, hata vya watoto. Nikamuuliza chumba cha watoto kipakwe rangi gani. Akasema watoto wako shule nje, niweke tu vitanda vya watu wazima, meza na taa ya kusomea. Vyumba vyote sawasawa.

Kwa hiyo ndiyo ndoa ya wakubwa. Kila mmoja na ufunguo wake. Nilimhurumia yule mume, ambaye sijamwona hata siku moja, kisha nikakumbuka kiti chake serikalini nikaacha kumhurumia.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka ya wenzetu. Adélaïde kaleta keki na kibao cha duka. Kimeandikwa "A.K. Décor." A yake imetangulia. Nilipouliza, akasema ni kwa mpangilio wa alfabeti.

Jumatatu, 19 Aprili

Mizinga upande wa Kabezi, kusini mwa mji, tangu asubuhi, karibu kuliko wiki iliyopita. Mafundi wa plafo waliruka kutoka kwenye ngazi wakakimbia, mmoja akateguka mguu. Amandine alitoka chumbani na simu sikioni. Hakuuliza kama kuna aliyeumia. Aliuliza kama plasta itapasuka, kisha akarudi kwenye simu, akicheka na mtu kwa Kifaransa. Mimi nilikuwa chini ya meza ya kulia chakula, meza niliyoichagua mwenyewe, mbao nzito, na nilishukuru kwamba kwa hilo nilikuwa na akili.

Nilimwona jasiri. Niandike na hilo pia. Nilisema moyoni: mimi nipo chini ya meza na huyu anacheka, kwa hiyo kweli kuna kitu anachokijua.

Jumapili, 2 Mei

Maulidi. Nimelipamba hema la mtaa bila malipo, vitambaa vyeupe na vya kijani, kazi safi. Nilipokwenda kuswali wakatundika juu yake maua ya plastiki.

Khadidja alipita chumbani kunipa mkono wa sikukuu. Macho yake yalikuwa yanapanga magunia, moja juu ya jingine, mpaka darini.

Jumamosi, 8 Mei

Nimempa Gaspard neno. Tunapokea ufunguo siku ya mwisho ya mwezi huu. Khadidja anaingia siku inayofuata. Twalibu ameanza kufungua rafu za mama kwenye ukuta wa chumba cha kazi, bila kuambiwa, na kila skrubu anaiweka kwenye kopo la maziwa. Ningependa apige kelele. Mtu akipiga kelele unaweza kumjibu.

Alhamisi, 13 Mei

Mvua imepungua. Mbu.

Ijumaa, 21 Mei

Leo naandika mpaka mkono uchoke.

Nilikwenda Kigobe kutundika mapazia ya mwisho. Nje kulikuwa na gari la jipi, jeupe, jipya, lenye waya mrefu wa redio mbele. Koridoni mabegi yamepangwa kwa urefu, makubwa nyuma, madogo mbele, yamefungwa plastiki ya uwanja wa ndege. Saloni amesimama Mzungu mrefu, kichwa chini ya plafo yangu, anabonyeza swichi za taa moja moja. Amandine amesimama nyuma yake na viatu vyake vya dhahabu, anamweleza kwa Kifaransa kwamba kila chumba kina ufunguo wake, kwamba wanaweza kuishi humu watu sita bila kusumbuana, na kwamba rangi ni ya kupumzisha macho.

Nilisimama na pazia mabegani. Mzungu aliniamkia kwa heshima. Yeye peke yake, siku ya leo, sina neno naye.

Akatoka kuangalia tangi la maji. Nikamuuliza Amandine kama huyo ni mgeni wake.

"Ni wa UN, mama. Wanakuja wengi, we husikii redio? Kigobe yote tunapangisha. Wazungu hawapendi doré, dhahabu hizi, wanapenda crème." Akanyoosha pindo la pazia mabegani mwangu, kama ananipongeza. "Sisi tunaenda Ubelgiji. Watoto wako kule tangu mwezi wa kwanza. Hapa mutu anaweza kukaa?"

Halafu akaniambia nifanye haraka na dirisha la mwisho.

Nilifanya haraka. Nilipanda ngazi, nikapachika pete moja moja. Rido haitatoka hapa, alisema, na hakusema uongo. Anayetoka ni yeye. Nyumba nzima imegongomelewa misumari na mwenye nyumba amefungwa plastiki. Na ile crème niliyojisifia kwenye teksi, niliyoihadithia mpaka kwa muuza mkate, haikutoka kwangu. Hakuna nilichomfundisha yule mwanamke. Ni kwamba nilimdharau kiasi kwamba alipofanya jambo la akili, nilidhani akili ni yangu.

Nimetoa neno la Rohero kwa ajili ya upindo wa mtu aliyekwisha kata tiketi.

Twalibu nimemweleza yote. Nilitaka aseme alinionya. Akauliza tu kama nimekula.

Jumatatu, 24 Mei

Adélaïde hakushtuka. Yeye alijua, au nusu alijua. Anasema sioni bahati iliyo mbele ya pua yangu: nyumba zote za Kigobe na nusu ya Rohero zinangoja Wazungu, zote zinataka crème, kufuli na taa ya kusomea, na katika mji mzima ni sisi tuliokwisha kufanya moja. Anasema ndio wakati wenyewe wa kupanua kazi, na kwamba kukaa kungojea Warundi wakate upindo ni wazimu.

Si mjinga. Ni jambo baya kumdharau mtu miezi mitatu halafu ukakuta anaongea maneno ya maana. Nikamuuliza hao wa UN watakaa muda gani. Akasema mpaka amani ije. Nikamuuliza na amani ikija. Akasema tutakuwa tumeshapata. Nikamuuliza nani atakuwa amelala nyuma ya mapazia yetu siku hiyo. Akachukua mkoba wake, akasema mimi ni mtu wa kuuliza maswali mpaka duka linafungwa.

Gaspard ametuma mtu kukumbusha. Khadidja ametuma gunia la kwanza. Liko mlangoni, linanuka panya, na chumba cha kazi hakina rafu.

Alhamisi, 27 Mei

Mwalimu Télesphore amekuja na pazia la blanketi, kavu, limekunjwa. Nilidhani amekuja kuniaga kwenda Ngozi, na niseme ukweli, nilikuwa na maneno yangu tayari.

Akasema hahitaji tena zito. Anataka jepesi, la kupitisha mwanga.

Nikamuuliza mwanga upite kwenye tundu?

"Si tundu, mama. Nimefungua dirisha."

Twalibu akaacha kusukuma mashine. Mwalimu akamgeukia yeye, si mimi, akaeleza kwamba ule ukuta haukuwahi kuwa na dirisha tangu ulipojengwa. Bomu lilipoutoboa, asubuhi aliona ziwa akiwa amekaa kitini. Hakutaka kuziba, na hakutaka kufungua dirisha kwenye ukuta utakaoanguka.

"Niliacha mvua yote inyeshe," akasema. "Nikaona ukuta unakaa. Basi na mi nakaa."

Miezi yote ile. Mimi nilikuwa nawaangalia wakubwa wa Kigobe nijue lini nipanue, na huyu alikuwa anaangalia matofali yake mwenyewe.

Nimemwambia nitakuja kupima Jumamosi. Nilimwambia kwa ukali, maana sikupata sauti nyingine.

Jumamosi, 29 Mei

Kinanira. Mlima ule unaua magoti. Nyumba ya jirani bado haina paa, ya pili imetundikwa kibao kwa Kifaransa, inangoja Mzungu wake.

Dirisha la mwalimu ni aibu. Aliyelijenga alipaswa kushtakiwa. Upande wa kushoto umeshuka vidole vinne kuliko wa kulia, na juu panapinda kufuata palipopasuka. Nimepima mara tatu nikidhani kamba yangu ndiyo mbovu. Nikamwambia limepinda. Akasema anajua, mwashi alitaka kulinyoosha, lakini kulinyoosha kungegusa ule ufa, na ule ufa umeshazoea kukaa pale.

Nikamweleza, kama ninavyowaeleza wote, kwamba pazia nikilikata kwa kufuata upande huu na upande huu halitaingia kwenye dirisha lingine lolote mjini, na upindo hautamsaidia.

"Upindo wa nini?" akauliza.

Hakuwa anajifanya jasiri. Alikuwa hajui. Alikuwa amekaa na yale mablanketi mawili tangu Julai, na shibiri nzima imekunjwa chini, hajawahi kugundua. Akaenda kutengeneza chai. Nikabaki mbele ya dirisha na kamba shingoni, na ziwa lilikuwepo, la kijivu, na milima ya Kongo nyuma yake. Nilikaa mpaka chai ikapoa. Chai yenyewe ilikuwa mbaya sana.

Jumatatu, 31 Mei

Nimekwenda Rohero asubuhi na Adélaïde. Gaspard alitoa ufunguo, akauweka mezani katikati yetu. Nikamwambia Adélaïde auchukue yeye, na kibao pia, akikwaruza herufi moja. Mumewe ana rafiki benki, dhamana itapatikana. Mapazia ya Wazungu namshonea akitaka, kwa bei, lakini nashona Buyenzi.

Aliutazama ufunguo. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama naogopa.

Nikasema ndiyo, naogopa mahali ambapo siku ya tabu hakuna anayefungua. Akachukua ufunguo. Tuliagana vizuri kuliko tulivyowahi kuagana, na bado namwona ana haraka, na yeye ananiona nina kichwa kigumu, na wote wawili tuko sahihi.

Gaspard alisema wanawake hawajui biashara. Nilimjibu, na nilichomjibu hakiandikiki hata humu.

Jumanne, 1 Juni

Khadidja amekuja na mkokoteni wa magunia. Nimemrudisha. Mtaa mzima ulisikia maoni yake juu yangu, juu ya marehemu mama na juu ya ukoo wetu mpaka Ujiji. Anayo haki. Gunia lake nimelibeba mwenyewe mpaka kwake.

Twalibu alitoka na kopo la skrubu akaanza kurudisha rafu. Nikamwambia asirudishe ile ya ukuta wa nyuma.

"Kwa nini?"

Nikamwambia ule ukuta unaondoka. Tunaunganisha na chumba cha mama, tunaweka meza ndefu ya kukatia na mashine ya tatu. Mwalimu amenipa majina ya watu wawili wa Kinanira wanaorudi kwenye nyumba zao, watu wa kawaida, wasio na dhahabu wala crème. Nilisema haraka haraka, nikitazama kwingine. Twalibu akautazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Na masanduku ya Kigoma?" akauliza.

Jumamosi, 5 Juni

Jua. Vumbi la kwanza la kiangazi, na vumbi la matofali juu yake.

Pazia la mwalimu limekwenda. Kitambaa chepesi, chini limekatwa mshazari kwa vidole vinne, na ukilitandika mezani utadhani limeshonwa na mlevi. Dirishani limekaa sawa. Hakunisifu. Alisema ziwa linaonekana, kana kwamba nimeliweka mimi.

Leo Twalibu amebomoa ukuta. Kabla ya hapo tulitoa masanduku. Niliyafunga mwaka wa '95: vitambaa vyangu bora, mikasi mipya, sufuria, picha ya mama, yote yamefungwa kamba, tayari kwa meli ya kukimbilia Kigoma siku yoyote. Nimekuwa nikishonea watu vitambaa vya bei ya chini na bora nimeviweka kwenye giza. Hariri moja imeliwa na nondo mpaka imekuwa chandarua. Twalibu aliinyanyua kwenye mwanga na hakusema kitu. Siku nyingine ningemshukuru kwa kunyamaza. Leo ningependa aseme.

Vumbi lilipotulia akashusha pazia la mlango wa mbele ili alikung'ute. Nalijua lile pazia, nililishona mwenyewe, linapepea pale kwa miaka yote, wateja wamepita chini yake na mimi nyuma nikiwacheka. Akalishika chini, akalipima kwa mkono. Upindo ulikuwa shibiri mbili.

"Na hii, dada?"

Nikamwambia alete mkasi.